Vyuma vilipokaza Marekani miaka ya 1930, kwa nini swing ndiyo iliyopanda chati?

Santuri Chakavu (#1)
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanisumbua kila nikisikiliza swing, yaani jazz ya dansi ya bendi kubwa za Marekani za zamani. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929. Benki zikafunga milango, watu wakatolewa vitu nje kwa kukosa kodi, wakulima wa Oklahoma wakahama kwa sababu ya vumbi na madeni. Kufikia 1933 karibu asilimia 40 ya wafanyakazi hawakuwa na kazi. Na muongo huo huo ndio bendi za watu kumi na tatu, kumi na nne, suti za kufanana, zilijaza kumbi kila kona ya nchi.

Kwa hesabu ya kawaida ilitakiwa iwe kinyume. Pesa ikiadimika, bendi inapunguza watu, anabaki mpiga gitaa na mwimbaji wake. Hawa wakaongeza matarumbeta!

Msimamo wangu: watu walikuwa wanakimbia shida. Mtu aliyeshinda na njaa mchana kutwa, usiku anatafuta kitu cha kumsahaulisha, na muziki wa polepole haukusahaulishi chochote, unakukumbusha. Swing ilizaliwa na njaa ile. Wenye vitu waweke hapa tuchambue.

Kijana wa Buza (#2)
Napiga kambi hapa. Wazee wa jukwaa njooni.

Mhasibu wa Kisumu (#3)
Santuri Chakavu, hiyo asilimia 40 iondoe. Mwaka 1933, uliokuwa mbaya kuliko yote, waliokosa kazi Marekani walikuwa takriban asilimia 25. Robo ya wafanyakazi wa nchi nzima ni balaa tosha, halihitaji chumvi.

Ila tatizo kubwa la hoja yako ni kalenda. Kama njaa ndiyo iliyozaa swing, ingevuma 1931, 1932 na 1933. Haikuvuma. Miaka hiyo redio zilishikwa na muziki laini: Guy Lombardo na saksafoni zake za kubembeleza, Rudy Vallée, Bing Crosby. Yaani watu wenye njaa walichagua kubembelezwa. Biashara ya santuri ndiyo ilikuwa inakata roho: mwaka 1927 ziliuzwa takriban milioni 100, mwaka 1932 zikabaki kama milioni 6.

Usiku ambao wengi wanauhesabu kuwa ndio uliofungua zama za swing ni 21 Agosti 1935, kiongozi wa bendi Benny Goodman akiwa ukumbi wa Palomar, Los Angeles. Wakati huo uchumi ulikuwa umeanza kunyanyuka, viwanda vinarudisha watu. Kwa hiyo nakugeuzia meza. Swing ni muziki wa watu walioanza kuona senti mbili tatu mfukoni baada ya kukaa kavu miaka mingi.

Binti Kinanda (#4)
Nyote wawili mnaanzia hadithi katikati, na mnaanzia pale Wazungu walipoingia.

Louis Armstrong alijiunga na bendi ya Fletcher Henderson New York mwaka 1924. Kabla yake bendi ile ilipiga vizuri, ila kwa ukakamavu. Armstrong akawaonyesha namna ya kuiegemea noti, kuichelewesha kidogo, halafu kuiachia. Mpangaji wao, Don Redman, akachukua kile alichofanya mtu mmoja kwa tarumbeta akakigawa kwa kundi zima: saksafoni zinauliza, matarumbeta na tromboni zinajibu. Huo ndio mfumo wote wa swing, na ulikuwepo miaka mitano kabla soko la hisa halijaanguka. Duke Ellington alirekodi "It Don't Mean a Thing (If It Ain't Got That Swing)" Februari 1932, wakati hali ni mbaya kabisa.

Sasa tazameni nani alikula. Henderson alisambaratikiwa na bendi mwaka 1934. Akaanza kuuza mipangilio yake kwa Goodman, na ndiyo iliyowapagawisha vijana wa Palomar mwaka uliofuata. Mwaka 1939 akaajiriwa na huyo huyo Goodman kama mpiga piano. Mtu aliyeujenga muziki aliishia kulipwa mshahara na mtu aliyeupeleka sokoni. Mdororo wa uchumi haukuzaa swing. Uliwamaliza wenye swing wasio na akiba, ukaacha wazo lao likiokotwa na mwenye mkataba wa redio.

Santuri Chakavu (#5)
Binti Kinanda, hapo kwa Henderson umenigusa. Ila swali langu bado lina miguu. Kama mfumo ulikuwepo tangu 1924, mbona nchi nzima haikuushika mwaka 1926, watu wakiwa na hela? Lazima kuna kitu cha katikati, na mimi naona ni shida. Mhasibu, huyo anayepata senti mbili tatu baada ya miaka mingi bado ni mtu mwenye shida.

Tarumbeta la Zamani (#6)
Wanangu, niwape upande wa wapulizaji.

Mnauliza bendi kubwa iliwezekanaje wakati wa ukata. Iliwezekana kwa sababu wapulizaji walikuwa rahisi kupatikana. Kabla ya 1927 kila jumba kubwa la sinema Marekani lilikuwa na wanamuziki wake waliopiga mbele ya picha bubu. Sinema za sauti zilipoingia, maelfu wakatupwa nje ndani ya miaka michache, na kabla hawajakaa sawa ukaja mdororo. Watu waliosoma noti vizuri kabisa wakawa mitaani wanatafuta popote. Kiongozi wa bendi akaweza kupata watu kumi na wanne kwa malipo ambayo zamani yangemletea nusu yao.

Halafu maisha yenyewe. Basi moja, mji mmoja usiku mmoja, kesho mji mwingine. Mnalala mmekaa. Kwa bendi za weusi ilikuwa mbaya zaidi, maana kusini hoteli haziwapokei na migahawa inawauzia chakula kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1936 Victor Hugo Green wa New York alianza kuchapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi mahali wanapoweza kulala na kula salama. Fikirini bendi inapanga ziara kwa kuangalia kitabu cha namna hiyo.

Nilipuliza saksafoni kwenye bendi moja ya Dar miaka ya themanini. Ridi za saksafoni, vile vibanzi vya mwanzi vya mdomoni, hazikuwa zikipatikana nchini, anayesafiri nje ndiye anakuletea. Ridi ikichoka inalegea, sauti inakuwa kama mtu mwenye mafua. Nilikuwa naikata ncha kwa wembe, nailainisha kwa msasa uliokwisha makali, naipeleka mdomoni kujaribu, naitoa, nakwangua tena. Ridi ya kutupwa inapiga mwezi mwingine. Ukata haukutufanya tupige vizuri. Tulipiga vizuri kwa sababu tulikuwa tunalipwa mshahara wa mwezi na tunafanya mazoezi kila siku kama kazi ya ofisini.

Kijana wa Buza (#7)
Mzee Tarumbeta akianza anamwaga gazeti zima, na tunalisoma mpaka matangazo ya vifo. Shikamoo mzee.

Mswahili wa Missouri (#8)
Naishi Kansas City, mji huu hamuwezi kuupita.

Wakati miji mingine inalia, hapa kulikuwa na bosi wa siasa, Tom Pendergast. Aliushika mji mzima: zabuni, polisi, kura. Miradi ya saruji iliendelea kujengwa, na ni yeye mwenye kampuni ya saruji. Hata marufuku ya pombe iliyoanza 1920 hapa ilikuwa ya kwenye karatasi. Vilabu havikufungwa usiku, basi wanamuziki waliokosa kazi Texas, Oklahoma na kwingineko wakakimbilia hapa. Bennie Moten, Count Basie, Lester Young, Mary Lou Williams na bendi ya Andy Kirk, wote walikuwa hapa.

Muziki wa hapa ulitoka kwenye vilabu hivyo vya kukesha. Hakuna karatasi. Mtu mmoja anatunga kipande kifupi papo hapo, wenzake wa saksafoni wanakidaka, matarumbeta yanaweka chao juu yake, na mpiga solo anapita katikati mpaka achoke. Mwaka 1936 mtayarishaji wa santuri John Hammond alikuwa Chicago ndani ya gari lake, akaikamata bendi ya Basie kwenye redio kutoka Reno Club, kupitia kituo kidogo kiitwacho W9XBY. Akaja mwenyewe kuwaona. Kampuni ya Decca ikamtangulia kwa mkataba: nyimbo 24, dola 750, bila mrabaha. Binti Kinanda, ongeza hiyo kwenye daftari lako la nani alikula.

Jengo la chama cha wanamuziki weusi, tawi la 627, bado lipo eneo la 18th na Vine, na mwisho wa wiki watu wanapiga hapo mpaka alfajiri. Nilienda na mwenzangu tukitoka zamu. Mzee mmoja wa saksafoni alipiga noti tatu tu, akazirudia, akamtazama kijana wa tarumbeta mpaka kijana akazidaka. Sekunde chache baadaye watu watano wanapiga kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa hiyo jibu langu ni rushwa. Samahani kwa wanaopenda majibu matamu.

Fundi Redio (#9)
Mmepita mbali na kifaa chenyewe.

Mwaka 1930 nyumba zenye redio Marekani zilikuwa kama asilimia 40. Mwaka 1940 zilipita asilimia 80. Nchi imefilisika lakini redio zimeongezeka maradufu, kwa sababu ukishainunua, muziki ni bure. Disemba 1934 shirika la redio la NBC lilianzisha kipindi cha Jumamosi usiku, Let's Dance, kikidhaminiwa na kampuni ya biskuti. Bendi tatu zilipokezana na Goodman alikuwa wa mwisho. New York ikisikia zamu yake watu wamelala. California saa ziko nyuma, vijana bado macho, sebule ziko wazi. Ndiyo maana bendi ilizunguka nchi nzima majira yale ya joto ikipokewa kwa ubaridi, ikafika Los Angeles ikakuta umati unaijua tayari. Hata mtangazaji Al Jarvis alikuwa akizipiga santuri zake huko.

Pili, marufuku ya pombe iliondolewa Disemba 1933. Baa zikafunguliwa kihalali kwa maelfu na wenye baa hawakuwa na pesa za bendi, wakaweka jukboksi: unatumbukiza senti tano, unachagua wimbo. Mwishoni mwa muongo zilikuwa zaidi ya laki mbili nchi nzima, na kila moja inataka santuri mpya.

Tatu, Decca ya Marekani ilianza 1934 ikiuza santuri kwa senti 35 wakati wengine wanauza senti 75. Santuri Chakavu, hicho ndicho kitu chako cha katikati kati ya 1926 na 1935. Muziki ulishuka bei mpaka mtu asiye na kazi akaumudu.

Santuri Chakavu (#10)
Fundi, nakubali bei ilishuka. Lakini redio ile ile ilimleta pia Lombardo, na jukboksi ile ile ilikuwa na nyimbo za kila aina. Kifaa hakimchagulii mtu wimbo. Senti tano ya yule asiye na kazi kwa nini iliangukia kwenye swing?

Mama Dansi (#11)
Kwa sababu ya miguu jamani! Uzi mzima mmeketi. Swing ni dansi kwanza.

Zamani besi ilipigwa na tuba na kamba zilipigwa na banjo, mapigo yanaruka kama gari lenye tairi bovu. Miaka ya thelathini wakaweka besi ya kamba inayotembea mapigo manne sawasawa, gitaa likachukua nafasi ya banjo, na mpiga ngoma akahamishia mapigo kwenye matoazi. Ghafla mchezaji ana barabara laini chini yake. Hapo ndipo dansi ya Lindy Hop ilipopanda, na Frankie Manning na wenzake wakaanza kurusha watu hewani. Kiingilio cha senti chache, unacheza usiku kucha, unatoka umelowa jasho. Pale Cotton Club watu wa Harlem, mtaa wa weusi New York, walikuwa wanacheza mpaka asubuhi wakisahau kodi ya nyumba.

Binti Kinanda (#12)
Mama Dansi, dansi nakupa kura yangu, ila si Cotton Club. Pale waliopiga na kunengua jukwaani walikuwa weusi na wateja walikuwa Wazungu tu. Watu wa Harlem wenyewe hawakuruhusiwa kuketi. Ukumbi unaousema wewe ni Savoy, Lenox Avenue, uliofunguliwa Machi 1926. Huo ulipokea rangi zote sakafu moja, jambo la nadra sana Marekani ya wakati ule. Ulikuwa na majukwaa mawili ubavu kwa ubavu, bendi moja ikimaliza nyingine inadakia, muziki haukatiki.

Mfalme wa pale alikuwa Chick Webb, mpiga ngoma mfupi aliyeharibiwa mgongo na kifua kikuu cha mifupa. Mei 1937 Goodman, akiwa juu kileleni, alikwenda Savoy kushindana naye, na maelfu wakakosa nafasi wakabaki nje. Webb akamshinda. Hata Gene Krupa, mpiga ngoma wa Goodman, alimpa heshima yake.

Na kwenye bendi hiyo alikuwepo Ella Fitzgerald. Huyo ni mtoto wa mdororo kabisa. Mama yake alifariki, akapelekwa shule ya kurekebisha watoto, akatoroka, akawa analala popote Harlem. Novemba 1934, akiwa na miaka 17, alipanda jukwaa la Apollo usiku wa wasio na majina. Alikusudia kucheza dansi. Akaimba, akashinda. Ilimchukua Webb kushawishiwa ndipo amkubali, maana msichana hakuwa na hata nguo ya jukwaani.

Mama Dansi (#13)
Savoy basi, asante. Hoja ya miguu inabaki pale pale, tena umeipa nguvu.

Na kwa kuwa umetaja Harlem, msisahau sherehe za kodi. Mtu akikaribia kufukuzwa na mwenye nyumba, anasukuma meza na vitanda ukutani, anamwita mpiga piano, anapika, anatoza kiingilio mlangoni. Asubuhi kodi imepatikana. Fats Waller na James P. Johnson walikuwa wafalme wa vyumba hivyo. Hapo ni shida iliyouajiri muziki moja kwa moja.

Mhasibu wa Kisumu (#14)
Sherehe hizo zilishamiri miaka ya ishirini, kabla ya mdororo, kwa sababu kodi za Harlem zilikuwa juu hata nchi ikiwa na neema. Watu weusi hawakusubiri 1929 kuonja ukata. Hoja hiyo inambeba zaidi Binti Kinanda kuliko Santuri Chakavu.

Kijana wa Buza (#15)
Mhasibu humwachii mtu hata shilingi ya chenji.

Swali kwa mzee Tarumbeta: na sisi je? Nasikia Dar es Salaam Jazz ilianza 1932. Ni upepo ule ule?

Tarumbeta la Zamani (#16)
Marahaba kijana. Bendi zetu za jazz, Dar, Morogoro, Tabora, Western, hazikupiga swing. Zilifuata zaidi rumba kutoka kwenye santuri za Cuba zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930. Usizitafutie undugu wa moja kwa moja na Savoy.

Kinachofanana na habari hii ni miaka yetu baada ya vita vya Kagera. Sabuni foleni, sukari foleni, unga kwa kadi. Na ndipo Mlimani Park, Juwata, Vijana na Maquis walipotia fora. Kilichotubeba ni wenye vyombo: shirika la maendeleo la jiji, chama cha wafanyakazi, umoja wa vijana. Vyombo vyao, mshahara wao. Mpiga gitaa hakuhitaji kununua gitaa ambalo asingeweza kulinunua maisha yake yote. Basi na Marekani msiangalie njaa ya msikilizaji peke yake, mwangalieni na mwenye basi, mwenye ukumbi na mwenye biskuti.

Mswahili wa Missouri (#17)
Na mwenye saruji. Pendergast alifungwa 1939 kwa kukwepa kodi, wasafishaji wakaingia ofisini, vilabu vikabanwa, mji ukapoa. Basie alikuwa ameshaondoka tangu 1936.

Santuri Chakavu (#18)
Asanteni sana wakuu, uzi umenoga.

Mhasibu, nikurudie, kwa sababu wewe ndiye unayenipa taabu. Unasema swing ilifuata uchumi uliokuwa unanyanyuka. Haya. Katikati ya 1937 uchumi wa Marekani ulianguka tena na viwanda vikafukuza watu upya mpaka 1938. Kwa kalenda yako swing ingetakiwa kushuka. Lakini Januari 16, 1938 Goodman alijaza Carnegie Hall, jukwaani wakiwemo Teddy Wilson, Lionel Hampton na watu wa Basie na Ellington. Mwaka huo huo Ella na Webb walipata wimbo wao mkubwa kuliko yote, na Artie Shaw akalipuka. Pesa ilitoweka na muziki ukapanda. Nieleze.

Mhasibu wa Kisumu (#19)
Mwaka 1938 mashine za Fundi zilikuwa zimeshasambaa. Aliyefukuzwa kiwandani bado ana senti tano. Mwaka 1931 hiyo senti tano haikuwa na mahali pa kutumbukia.

Kisha angalia mwisho wake. Vita vilipoleta ajira kwa kila mtu, swing haikudumu. Wanamuziki wakapelekwa jeshini, petroli na mipira ya mabasi vikagawiwa kwa kipimo, Agosti 1942 chama cha wanamuziki kikagoma kurekodi, na 1944 ikaja kodi nzito kwa kumbi zenye dansi.

Santuri Chakavu (#20)
Hiyo ya mwisho umenipa mimi! Ajira zikajaa na bendi kubwa zikafa. Si ndicho nilichosema kwenye posti ya kwanza?

Binti Kinanda (#21)
Hapana. Amekwambia zilikufa kwa kukosa watu, mafuta na kumbi. Wasikilizaji walikuwepo na pesa walikuwa nazo. Soma tena.

Fundi Redio (#22)
Kuna anayejua kodi ile ya 1944 ilitozwa vipi kwa ukumbi wenye bendi ya kusikiliza tu bila dansi? Nadhani hapo ndipo vijana wa bebop, jazz ya kuketi na kusikiliza, walipopata mwanya wao. Mama Dansi, miguu yako ilitozwa ushuru.

Mama Dansi (#23)
Ikaketishwa kwa nguvu, ndiyo. Fungua uzi wake Fundi, nakuja na mashahidi.